Baba Yangu wa Busawe

Mimi ndiye mtu wa kwanza katika kitongoji chetu, huku Nyamwaga, Tarime, kutundika stashahada ukutani ndani ya fremu ya kioo. Naanza na hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mengi yatakayofuata hayanipi sifa. Niliondoka nyumbani na begi la kuazima. Dar es Salaam nilibeba saruji, nikauza vocha, nikasoma masomo ya biashara jioni baada ya kazi, na baada ya miaka tisa nikarudi na mashine ya kusaga nafaka juu ya lori, mimi mwenyewe nimekaa pembeni ya dereva. Wenzangu wengi waliokwenda mjini walirudi na miwani ya jua. Mimi nilirudi na injini.

Nikajenga kibanda cha tofali za kuchoma kando ya barabara, nikaweka madirisha ya aluminiamu, nikaanza kutengeneza unga wa ulezi wa uji. Ulezi ni nafaka yetu. Kila mtu analima, kila mtu anasaga, na karibu kila mtu ana mchanga kwenye unga wake, kwa sababu ulezi hupigwa chini na punje zake ni ndogo kiasi kwamba mchanga hujificha humo kama mwizi mnadani. Unga wangu haukuwa na mchanga. Nilikuwa namwekea mteja unga mkavu ulimini, namwambia atafune. Alitafuna, akayasikiliza meno yake, akanunua.

Siri ya unga ule haikuwa stashahada. Ilikuwa bibi. Kila asubuhi alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, ungo mapajani, akipepeta na kuchambua mpaka jua lilipomfikia miguuni. Kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia kimepinda kwenye kiungo cha juu, kilivunjwa na kamba ya fahali zamani, na hicho kilichopinda ndicho alichotumia kusukumia vijiwe pembeni. Mama yangu aliosha ulezi na kuuanika. Mimi nilisaga, nikapakia, na nikajisifu.

Sasa nieleze bibi ni nani, maana wa Tarime anaelewa lakini wa mbali hawezi kuelewa. Bibi aliolewa na babu, akazaa wasichana watupu, wote wakaolewa wakaondoka. Babu alipofariki, mji wao, yaani boma lao, ukabaki bila mtoto wa kiume. Bibi hakungoja ndugu wa marehemu waje kugawana shamba. Alitoa ng'ombe zake akaoa. Alimuoa mama yangu. Kwetu hii inaitwa nyumba ntobhu: mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa mahari kwa mwanamke mwenzake, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba ya yule aliyetoa ng'ombe. Nikazaliwa mimi, peke yangu. Mwanaume aliyenizaa ni nani, hilo halikuwa swali la kuuliza kwenye mji wetu. Ng'ombe zilitoka kwa bibi, kwa hiyo mimi nilikuwa mtoto wa bibi, nikipewa jina la babu ambaye sikumkuta. Nilikua hivyo, na sikuwahi kuona kwamba kuna kitu kimepungua.

Nilioneshwa kilichopungua nilipofika Dar. Tulikuwa vijana wanne kwenye chumba cha kupanga, na jioni moja, nikiwa sijui kwamba ni jambo la kufichwa, niliwasimulia. Walicheka mpaka mmoja akateremka kitandani akakaa sakafuni.

"Kwa hiyo bibi yako ndiye baba yako?"

"Siku ya harusi nani alivaa suti?"

Mwezi mzima waliniita Mtoto wa Mabibi Harusi. Baada ya hapo nilijifunza sentensi fupi: "Baba alifariki nikiwa mdogo." Ni sentensi nzuri. Mtu husema pole, anabadilisha mazungumzo. Niliitumia chuoni, niliitumia kazini, niliitumia kwa wachumba wawili. Mpaka narudi nyumbani ilikuwa imelainika mdomoni kama mpini wa jembe la zamani.

Unga ulipoanza kuuzika Tarime mjini, na kwa wafanyakazi wa mgodini kule Kewanja, nikataka ufike Mwanza, Dodoma, Dar. Nilijua kwamba lazima niwe mtandaoni. Nilijua pia kwamba mtu wa hadhi yangu hawezi kusaga, kupakia, kupeleka mzigo stendi, halafu ashinde kwenye simu akijibu "bei gani" na "mko wapi." Rafiki yangu wa chuo akanielekeza kwa dada mmoja wa Morogoro, mama wa mtoto mmoja, anayefanya kazi hiyo kwa watu mbalimbali akiwa nyumbani kwake: anapanga picha, anaandika maneno, anajibu wateja, anakuandikia orodha ya oda kila jioni. Hatukuwahi kuonana. Nilimpa nywila za kurasa zote na kumlipa kwa simu kila mwisho wa mwezi, na yeye aliniita bosi.

Nilifurahia neno hilo kuliko inavyostahili. Mtu akiniuliza kuhusu oda, hata kama jibu nilikuwa nalo, nilisema, "Ngoja nimuulize msaidizi wangu wa Morogoro." Nilimtangaza nyumbani pia. Nyumbani tunazungumza Kikurya, naandika hapa kwa Kiswahili.

"Umeajiri mtu ambaye hujawahi kumwona?" bibi aliuliza.

"Ndiyo, bibi. Siku hizi ndivyo."

"Anakula wapi?"

"Kwake."

"Analala wapi?"

"Kwake, Morogoro."

"Na akiacha kazi utajuaje, ikiwa hata akiwepo hayupo?"

Mama alicheka mpaka akaachia beseni. Bibi akaendelea kupepeta. "Huyo ni jini, mura," akasema, kwa neno letu la kumwita kijana. "Tofauti ni kwamba jini halidai mshahara."

Yule dada alikuwa mzuri wa kazi. Alinifundisha kupiga picha asubuhi kabla jua halijawa kali. Alinizuia kuweka picha ya stashahada kwenye ukurasa wa unga, kwa lugha ya heshima sana. Lakini mwezi wa kwanza oda za mbali hazikuja. Akanitumia ujumbe: "Bosi, unga upo kila mahali. Watu wanataka kujua huu ni wa nani. Nani anauchambua? Ulijifunza kwa nani? Baba alikuwa mkulima?"

Nilikuwa mgahawani Tarime mjini, nimekaa na mfanyabiashara mmoja wa Sirari ambaye nilitaka anichukulie mzigo avushe Kenya. Nilikuwa nimeshamweleza jinsi nilivyojijenga bila kusaidiwa na mtu. Simu mkononi, mtu wa maana mbele yangu, nikabonyeza kitufe nikarekodi jibu, kwa sauti ya kusikika, nusu nikimwambia dada wa Morogoro na nusu nikimwambia yule mfanyabiashara:

"Ndiyo, baba alikuwa mkulima. Mkulima wa Busawe, Serengeti. Alifariki nikiwa mdogo, lakini ndiye aliyenifundisha kuchambua ulezi punje kwa punje."

Busawe nilipita mara mbili tu, nikifuata ulezi wa kununua. Niliitaja kwa sababu iko wilaya ya Serengeti, na Serengeti ni jina ambalo hata mtu wa Ulaya analijua. Nilijipongeza moyoni. Nilifikiri, hiki ndicho nilichosomea.

Kesho yake alinitumia alichoandika ili nikipitie. Alikuwa amechagua picha miongoni mwa nilizompa: mikono miwili ndani ya ungo, bila uso, punje nyekundu na pumba zikiruka. Chini yake ameandika habari za baba yangu wa Busawe, kwamba hayupo tena lakini mikono yake iko ndani ya kila pakiti.

"Bosi, hii mikono ni ya nani kweli? Inafaa kwa habari ya baba?"

Nilikuwa nazibua mashine. Niliandika kwa kidole chenye grisi: "Inafaa. Weka."

Ikawekwa. Sikumbuki siku nyingine simu yangu ilipolia namna ile. Pole zilitoka Dodoma, Arusha, Iringa. Mtu mmoja aliandika kwamba amelia. Oda za wiki ile zilimaliza ulezi wote ghalani, na bibi alichambua asubuhi na jioni, akilalamikia mgongo, akiuliza ni sherehe gani iliyoingia huko mjini. Nilimwambia ni matangazo mazuri. Nilimwambia stashahada imeanza kufanya kazi.

Miezi miwili baadaye wakaja watu wa ardhi. Mashamba ya kitongoji chetu yalikuwa yanapimwa ili yapewe hati za kimila, na kila familia ilitakiwa ikae kwanza, ikubaliane, ijaze fomu: mwenye shamba ni nani na anayemfuatia ni nani. Bibi alikuwa ameisubiri siku hiyo kwa namna ambayo sikuielewa wakati ule. Alivaa kitenge chake cha kanisani. Aliniambia nivae viatu.

Tulikaa uani kwetu: mwenyekiti wa kitongoji na fomu zake, bibi, mama, mimi, na wanaume wa ukoo wa babu. Mkubwa wao ni baba mdogo wangu, mtoto wa ndugu yake babu, mtu wa mzaha ambaye ana duka la vipuri vya pikipiki Kewanja. Mwenyekiti aliandika jina la bibi. Akauliza anayemfuatia. Bibi akaninyooshea kile kidole kilichopinda.

"Kabla hujaandika," baba mdogo akasema, "naomba nisome kitu."

Akatoa simu. Akavaa miwani. Akasoma kwa Kiswahili, taratibu, kama anayesoma tangazo la mnada: baba yangu alikuwa mkulima wa Busawe, Serengeti, ndiye aliyenifundisha, hayupo tena. Alipomaliza akanitazama juu ya miwani.

"Mura, sisi wote hapa tunasema wewe ni mtoto wa mji huu. Ng'ombe zilitoka, tuliziona. Lakini wewe mwenyewe unawaambia watu una baba Busawe. Sasa kama una baba Busawe, una shamba Busawe. La huku unalitakia nini?"

"Labda anataka yote mawili," mwingine akasema. "Msomi huyo."

Wakacheka. Bibi hakuwa ameshika Kiswahili chote, akamgeukia mama. Mama akamwinamia, akamweleza kwa Kikurya, neno moja moja, bila kunitazama. Sijawahi kumwona mtu akitafsiri polepole namna ile. Bibi akanyoosha mkono, akapewa simu. Akaishika mbali na macho yake, akaitazama picha kwa muda mrefu.

"Huyu ni mimi," akasema. "Nimekufa lini?"

Hapo hakucheka mtu. Na mimi, ambaye nimesimama mbele ya darasa zima kutetea andiko langu la mwisho, nilitafuta la kusema nikalipata upesi sana.

"Sikuandika mimi. Ni yule msichana wa Morogoro. Yeye ndiye anayeandika kila kitu, hajui mila za huku. Amechanganya."

"Yule jini?" bibi akauliza.

"Ndiyo."

"Mpigie."

Ningeweza kusema hana mtandao. Lakini wote walikuwa wananitazama, nami nilitaka jambo liishe. Nikapiga, nikaweka spika.

"Haloo bosi, za kwenu?"

"Nzuri, dada. Niko na familia hapa. Ile habari ya baba, uliyoweka kwenye ukurasa. Ulikosea, sivyo? Ulichanganya na mtu mwingine."

Nyuma yake kulikuwa na mtoto anayeimba namba. Nilijua alichokuwa anakikumbuka: sauti yangu ilikuwa humo humo ndani ya simu yake, na lile neno langu, "Weka." Bibi akasogea mbele, akaisemesha simu kwa Kiswahili chake.

"Wewe mtoto. Mimi ni bibi yake."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani alikwambia mimi ni mwanaume wa Busawe, nimekufa?"

Wanaume wakacheka tena. Dada hakucheka. Nilisikia akivuta pumzi.

"Ni kosa langu, bibi," akasema. "Nilichanganya. Naomba unisamehe."

"Haya. Una mama?"

"Ninaye, bibi."

"Msalimie."

Nikakata simu haraka kabla hajasema neno jingine. Mwenyekiti akafungua kalamu. "Basi, ni kosa la mtu wa mbali. Tuendelee." Jina langu likaandikwa chini ya jina la bibi. Nikaweka saini yangu, ile ndefu yenye mkia, ambayo nilijizoeza chuoni. Na kama hiyo haikutosha, watu walipokuwa wanasimama nilimwambia baba mdogo, kwa sauti ya bosi, "Hawa watu wa mtandaoni lazima uwasimamie kwa karibu. Ukiwaachia kidogo tu wanakuharibia."

Hilo ndilo neno ambalo nikilikumbuka leo, hata nikiwa peke yangu kibandani na injini inanguruma, najikuta nimefumba macho.

Asubuhi yake ujumbe ulikuja. Alikuwa amebadilisha nywila zote na kuniandikia mpya. Orodha ya oda ilikuwa imepangwa hadi ya jana. Chini yake aliandika: "Kaka, nilisema vile kwa sababu nilisikia sauti ya bibi, na sikujua ungepoteza nini kama ningesema ukweli. Lakini mimi nina wateja wengine na jina langu ndiyo kazi yangu. Tafuta mtu mwingine." Kisha alikuwa amenirudishia sauti yangu mwenyewe, ile ya mgahawani, bila neno la ziada. Niliona kwamba ameacha kuniita bosi.

Sikuifungua. Niliweka simu mfukoni, nikatoka kwenda kuchukua ulezi uliochambuliwa. Bibi alikuwa kwenye kigoda chake. Mama alikuwa anatandaza ulezi mbichi kwenye turubai hatua chache tu kutoka pale.

"Morogoro iko wapi?" bibi akauliza.

"Mbali, bibi. Unapita Shinyanga, Singida, Dodoma, ndiyo unafika."

"Yule mtoto amewahi kuja huku?"

"Hapana."

"Busawe aliijuaje?"

Alikuwa anapepeta. Hakuinua kichwa. Pumba zilipaa, zikashuka kwenye viatu vyangu.

"Mtu wa Morogoro anajua Serengeti ya simba," akasema. "Busawe anaijua mtu anayenunua ulezi Busawe."

Nimewahi kufeli mtihani, nimewahi kufukuzwa kazi, nimewahi kulala stendi. Sikuwahi kusimama mahali nikatamani ardhi ya mahali hapo iwe ya mtu mwingine. Nikamwambia. Nikamweleza chumba cha Dar, vicheko, lile jina waliloniita, ile sentensi yangu fupi, mgahawa, mfanyabiashara wa Sirari, kidole chenye grisi. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia kwamba hakuna hata kitu kimoja ndani yake ambacho ni sababu.

"Walicheka?" bibi akauliza.

"Sana."

"Na wewe ukacheka nao?"

Sikuwa nimemwambia hilo. "Kidogo," nikasema.

Mama akainuka kutoka kwenye turubai, mikono imelowa. Mama yangu si mtu wa maneno. Nimeishi naye utoto wote nikifikiri kwamba ni kwa sababu hana la kusema.

"Mimi nilitolewa ng'ombe mchana kweupe," akasema. "Watu walisimama wakatazama, wazee wakala, wakanywa. Sikuja hapa kwa kujificha. Wewe unanificha nini?"

Akarudi kwenye ulezi wake. Bibi akaweka ungo chini.

"Sikiliza. Nilipooa, kuna waliosema nimetupa ng'ombe. Walisema atazaa, mtoto atakua, atamtafuta baba yake, ataondoka, na nyumba itabaki tupu kama mwanzo. Nimekaa miaka yote hiyo nikisubiri nione kama walisema kweli. Jana umeandikwa kwenye karatasi kwa sababu mtoto wa watu amesema uongo kwa ajili yako. Mimi sikuoa ili nipate karatasi."

"Unataka nifanye nini, bibi?"

"Wewe ndiye umesoma."

Fomu zilikuwa bado kwa mwenyekiti. Nilikwenda kwake kabla ya chai, nikamwomba aite tena ukoo. Alinitazama kama mtu aliyelewa asubuhi. "Jambo limeisha salama, unalifufua la nini?" Nikamwambia halijaisha salama. Jioni ile wakaja, wachache kuliko jana, na baba mdogo akiwa na haraka ya kufunga duka. Nikasimama nikawaambia kwamba msichana hakukosea, kwamba maneno yale yalitoka mdomoni mwangu, na kwamba picha ya mikono ya bibi niliikubali mimi nikijua ni ya bibi.

"Kwa hiyo yule mtoto wa watu hakuchanganya kitu," baba mdogo akasema.

"Hakuchanganya."

"Na ulimsikia akiomba msamaha, ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Halafu ukaniambia mimi lazima wasimamiwe kwa karibu."

"Ndiyo."

Nilisubiri mzaha. Alikuwa na haki nao, na ningeupokea kwa furaha, maana mzaha hupunguza uzito. Hakutoa. Alitikisa kichwa tu, akamgeukia mwenyekiti. "Jina liache. Ng'ombe zile nilizichunga mimi mwenyewe zikitoka kwenye zizi hili, nikiwa kijana. Ninachotaka ni kwamba aseme kwa kinywa chake."

Nikasema kwa Kikurya kwamba mimi ni mtoto wa nyumba ya bibi, aliyemuoa mama yangu kwa ng'ombe zake, na kwamba sina baba Busawe wala mahali pengine. Ilichukua pumzi moja. Wakatikisa vichwa, wakaondoka, kila mtu na shughuli zake.

Lakini pale palikuwa rahisi. Wote walikuwa wanajua. Uongo wangu sikuuzalisha uani kwetu, niliuzalisha mbele ya watu wa mbali, na huko ndiko ulikokuwa bado unaishi, ukipewa pole mpya kila wiki.

Nilimwandikia kwanza dada wa Morogoro. Nilimwambia kwamba nimewaeleza wote waliomsikia siku ile kwamba kosa lilikuwa langu. Alijibu baada ya siku mbili: "Asante kaka. Nimekusamehe. Kazini sirudi. Bibi msalimie." Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi kutafuta mlango uliobaki wazi ndani ya maneno hayo. Haupo, na hakuna sababu ya kuwepo.

Kisha nikakaa kuandika mwenyewe. Nilidhani ingenichukua nusu saa. Ilinichukua siku tatu, kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa kinanitetea. Mara naanza na miaka yangu tisa ya Dar. Mara naeleza mila kwa maneno makubwa ya kitabuni, kana kwamba naandika habari za watu fulani wa mbali na si za jikoni kwetu. Mara najikuta nimeandika kwamba "kulitokea mkanganyiko." Mkanganyiko hautokei wenyewe, nami nilimjua kwa jina aliyeuleta. Mwishowe nikaandika mistari michache: kwamba baba wa Busawe hakuwahi kuwepo, kwamba nilimzusha ili niuze, kwamba mikono ile ni ya bibi yangu na yu hai, kwamba alimuoa mama yangu kwa ng'ombe zake na mimi ni mtoto wao. Nikabonyeza kabla sijairemba.

Mmoja wa wale wenzangu wa chumba cha Dar aliweka nyuso za kucheka, mstari mzima. Duka moja la Mwanza lilisimamisha oda, likasema halipendi mambo yasiyoeleweka. Mteja wa Dodoma aliuliza kama naweza kumrudishia pole yake. Wengine waliuliza maswali ambayo nilipaswa kuyajibu mwenyewe, kwa kuwa sasa hakuna mtu wa kujibu kwa niaba yangu, nami niliyajibu nikiwa nimesimama mlangoni mwa mashine, unga kwenye nyusi. Mauzo yalishuka. Bado hayajarudi pale yalipokuwa wakati wa marehemu.

Siku ya pili bibi akasema anataka kusomewa. Ilikuwa asubuhi ya watu wengi kibandani, injini ikinguruma, wanawake wamepanga debe zao mpaka barabarani. Mama alikuwa amekaa kwenye gunia pembeni ya bibi, aliyekuja na kigoda chake. Nilisimama mbele yao na simu, nikaanza kutafsiri kwa Kikurya, chini chini, mdomo karibu na kifua.

"Umeandika kwamba ni mimi niliyemuoa mama yako?" bibi akauliza.

"Nimeandika."

"Soma hapo."

Nikasoma hapo. Wanawake wawili waliokuwa mbele kwenye foleni waliacha kuzungumza. Nikajikuta nimeshusha sauti zaidi, bila kukusudia, kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala. Mama alinitazama. Nilikuwa na stashahada ukutani, mashine yangu, madirisha yangu ya aluminiamu, na bado nilikuwa nanong'ona.

"Paza sauti," bibi akasema. "Huku nyuma hawasikii."

Nikazima injini. Nikaanza tena mwanzo.